Rubani Yupo

Liko jina ambalo magazeti yetu, redio zetu na hata baadhi ya walimu wetu wamekwisha lizoea kiasi cha kutolifikiri tena. Jina lenyewe ni "ndege isiyo na rubani". Kwa jina hili twaviita vyombo vya namna nyingi: vile vikubwa vya vita, vile vyenye mabawa vilivyoanza kupeleka damu katika hospitali za Rwanda mwaka 2016, na vile vidogo vyenye rafadha nne, viitwavyo kwadikopta, ambavyo vijana hujiundia mezani na kuvirusha viwanjani siku ya Jumamosi. Nataka kusema habari za hivi vya mwisho, kwa sababu ndivyo nivijuavyo, na kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha upesi kuliko vingine kwamba jina hilo ni la uongo.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba huu ni ugomvi wa maneno, kwamba kila mtu afahamu kuwa rubani hayumo ndani, basi, na kwamba wenye kazi za maana hawana nafasi ya kupimana ndimi. Ningekubali kunyamaza kama madhara ya jina yangekoma katika jina. Hayakomi. Mtu akiisha ambiwa kwamba chombo hakina rubani, haoni sababu ya kujifunza urubani. Hununua chombo asubuhi, akakirusha jioni juu ya vichwa vya watu harusini, na kikianguka husema, "Kimeanguka chenyewe." Rafadha ya inchi 5, ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ncha yake yakata hewa kwa mwendo wa mita 130 hivi kwa sekunde. Kidole cha mtoto hakiulizi kama aliyekuwa na rimoti aitwa rubani au haitwi. Lakini baba wa mtoto atauliza, na yafaa apate jibu.

Neno rubani halikuzaliwa pamoja na eropleni. Kabla ya eropleni kuonekana katika pwani yetu, rubani alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyeongoza vyombo kupita mlangoni mwa bandari. Heshima yake haikutokana na kiti alichokalia. Ilitokana na ujuzi wake, na chombo kikipanda mwamba lawama ilikuwa yake. Kwa maana hiyo ya asili, kijana aliyesimama kivulini mwa mwembe, rimoti mikononi na macho angani, ni rubani kamili asiyepungukiwa na kitu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipotoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 2015, lilivitaja vyombo vya jamii hii kuwa ni vyombo viendeshwavyo na rubani aliye mbali. Ni ajabu kwamba wageni wamemwona rubani wetu, na sisi tulio na neno lililo tayari kumpokea tumeamua kutangaza kwamba hayupo.

Lakini haki itendeke. Wasemao kwamba chombo chajiendesha wana punje ya ukweli, na punje hiyo ni kubwa kuliko wajuavyo wao wenyewe. Kwadikopta haina mabawa ya kuitegemeza wala mkia wa kuinyosha. Ina rafadha nne tu. Mbili, za pembe zinazoelekeana, zazunguka kulia, na mbili kushoto, ili msukosuko wa hizi uvunjwe na wa hizo. Ikitakiwa kuinama upande, rafadha za upande wa pili huongeza mwendo. Ikitakiwa kugeuza uso, jozi moja huongeza na jozi ya pili hupunguza. Iache bila kuisahihisha kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, nayo itapinduka. Ndugu wawili wa Kifaransa, Louis na Jacques Breguet, walipoinua mtambo wa namna hii mwaka 1907, ilibidi watu washike ncha zake usianguke. George de Bothezat aliurusha wake katika Marekani mwaka 1922, lakini kuuongoza kukawa kazi nzito mno kwa mtu mmoja. Étienne Oehmichen alifaulu kuzunguka mwendo wa kilomita moja mwaka 1924, baada ya kuongeza rafadha nyingine ndogo ndogo za kusawazisha. Basi wazo lilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mkono mwepesi wa kutosha, na mkono wa binadamu hautoshi: jicho hadi kidole hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na katika muda huo kwadikopta ndogo imekwisha lala chali.

Mkono mwepesi ulipatikana mahali ambapo wataalamu wengi hawakupatazamia. Mwaka 2009 kampuni ya Nintendo iliuza kifaa kidogo cha kuongezwa katika rimoti ya mchezo wa televisheni. Ndani yake mlikuwa na jairoskopu, chombo kipimacho mwendo wa kugeuka. Wapenzi wa ndege ndogo walikifungua kifaa hicho, wakaunganisha jairoskopu na kompyuta ya bei rahisi yenye ukubwa wa kiberiti, na wakaandika programu iliyoitwa MultiWii, ambayo jina lake lakumbusha mchezo ule hadi leo. Programu zitumiwazo sasa na warushaji wengi ni wajukuu wa ile. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaokunja uso wakisema kwamba kwadikopta ni mchezo usiostahili ukumbi wa chuo kikuu. Mchezo ndio ulioileta.

Kompyuta hiyo ndogo hulinganisha mwendo wa kugeuka ulioombwa na rubani na ule unaopimwa na jairoskopu, ikarekebisha mota nne, na hufanya hivyo mara maelfu kwa sekunde. Kazi yake yaongozwa na namba tatu kwa kila mhimili, na hapa ndipo ugomvi wangu na wanafunzi wenzangu unapoanza.

Asili ya namba hizi ni bahari. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, alichapisha makala juu ya kuongoza meli kwa mtambo, na mtambo wake ukajaribiwa katika manowari iitwayo New Mexico. Alianza kwa kufikiri jinsi mshika usukani hodari atendavyo. Aliona kwamba mtu huyu hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Hukumbuka kwamba kwa kitambo imekuwa ikivutwa upande mmoja, akauweka usukani umeegemea kidogo upande wa pili. Tena huona meli inarudi kwa haraka gani, akaanza kuizuia kabla haijafika katika njia yake, ili isipitilize. Baharia yeyote wa jahazi aendaye Lamu na kusi mgongoni huyafanya yote matatu bila kuyapa majina. Minorsky aliyageuza kuwa hesabu. Namba ya kwanza ni nguvu ya kulijibu kosa la sasa. Ya pili ni nguvu ya kulijibu kosa lililolimbikana. Ya tatu ni nguvu ya kuijibu kasi ya kosa lenyewe linavyobadilika. Wanamaji hawakuupenda mtambo wake, labda kwa kudhani kwamba umekuja kuwanyang'anya kazi, ilhali ulijengwa kwa ujuzi wao. Kwa hiyo hata ndani ya kompyuta ya kwadikopta, mahali ambapo waungaji mkono wa "isiyo na rubani" wangetumaini kukuta utupu, twakuta kivuli cha mshika usukani.

Sasa tazama yatendwayo. Mwanafunzi aunda chombo chake kwa bidii, akalehemu nyaya vizuri, akafunga mota, kisha afikapo kwenye namba hizi tatu huomba za rafiki yake. Rafiki naye alipewa na mwingine. Chombo hupaa kikitetemeka kama mwenye homa. Mwenyewe husema kwamba namba ni mbovu, akaenda kuazima nyingine. Nimewaona walioazima mara sita katika muhula mmoja, na baada ya mara ya sita hawakujua namba ya tatu hufanya kazi gani. Ukiwauliza, hujitetea kwa hoja ambayo si dhaifu: daktari naye hutoa dawa iliyopimwa na wengine, na fundi seremala hafumbui upya urefu wa meza, kwa nini mrushaji peke yake aamriwe kuanza tangu mwanzo?

Jibu ni kwamba namba hizi si za kwadikopta kwa jumla. Ni za hii iliyo mbele yako. Ndani yake mna uzito wake, urefu wa mikono yake, nguvu ya mota zake, umbo la rafadha zake, hata kukazwa kwa skrubu zake. Mna na hewa. Aliyepanga namba zake Mombasa akamkopesha mwenzake wa Nairobi amemkopesha hewa ya usawa wa bahari, naye mwenzake yuko juu karibu mita 1,700, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15. Rafadha zile zile zikizunguka vile vile zitasukuma pungufu kwa kiasi hicho. Mna na betri pia. Chumba kimoja cha betri ya lithiamu kikijaa kina volti 4.2, na mrushaji mwangalifu hutua kikiwa na 3.5 hivi, yaani sehemu moja ya sita ya msukumo wa umeme imekwisha toweka, na chombo kilichokuwa chepesi mwanzoni kimekuwa kizito wa kusikia, isipokuwa programu iwe imeamriwa kufidia. Seremala aazimaye kipimo cha meza ameazima kitu kisichobadilika kwa kupanda mlima. Nakubali kwamba namba zitokazo pamoja na programu zafaa kwa kuruka mara ya kwanza, na asiyezitumia kwa kuanzia ajisumbua bure. Ninachokataa ni kuzifanya mwisho.

Mwaka 1942 wahandisi wawili, Ziegler na Nichols, walitoa kanuni ya kupanga namba hizi kwa mitambo ya viwandani, na roho ya kanuni yao ndiyo nitakayo ishikwe. Hawakuanza na kitabu. Waliongeza namba ya kwanza peke yake mpaka mtambo ukaanza kuyumba bila kukoma, wakapima muda wa yumbo moja, na kutoka hapo wakapata namba zote tatu. Maana yake ni kwamba mtambo wenyewe uliulizwa, ukajibu. Kwa chombo kirukacho si salama kuifuata kanuni neno kwa neno, lakini kuuliza kwawezekana, na kwataka utaratibu.

Kwanza, namba ziachwe kabisa, ushikwe mwili wa chombo. Rafadha zitolewe kila mara mota zinapojaribiwa mezani. Jambo hili halina mjadala. Rafadha iliyopinda, mota yenye beringi iliyokwisha, skrubu iliyolegea, vyote hutia mtetemo ambao jairoskopu hauwezi kuutenga na mwendo wa kweli. Rafadha itundikwe juu ya kijiti chembamba ili upande mzito ushuke, na kipande cha utepe wa gundi kibandikwe upande mwepesi mpaka ikae sawa. Kompyuta iwekwe juu ya mpira laini. Nusu ya malalamiko ya "namba mbovu" niliyopata kuyasikia yalikuwa malalamiko ya skrubu.

Kisha chombo kirushwe mahali wazi, asubuhi kabla upepo haujaamka, na rubani akiinamishe kwa ghafula upande mmoja na kukirudisha. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, chombo huitikia kwa uvivu kama mtu aliyeitwa usingizini. Iongezwe kidogo kidogo. Itafika mahali ambapo baada ya kurudi, chombo hutikisika haraka haraka, na sauti ya mota hubadilika ikawa ya kukwaruza. Hapo ni kupita kiasi, irudishwe nyuma. Namba ya tatu huzuia kupitiliza, nayo ina udanganyifu wake: yapendeza kuiongeza kwa sababu chombo huonekana kimetulia, lakini yenyewe hukuza kila mtetemo mdogo na kuupeleka katika mota. Dawa ni kutua baada ya nusu dakika na kuzigusa mota kwa kidole, zikiisha kusimama. Zikiwa za moto hata hazishikiki, namba imezidi, hata kama macho yanasema vingine. Namba ya pili hujulikana siku ya upepo. Ikiwa ndogo, chombo hushindwa kuushika mwinamo kilioagizwa, hasa rubani anapoongeza au kupunguza nguvu kwa ghafula. Ikizidi, chombo huyumba polepole, yumbo refu la jahazi lisilo na shehena. Lipo na jaribio la mwisho, la kushuka wima ndani ya hewa iliyokwisha vurugwa na rafadha zenyewe. Hapo chombo kizuri hutetemeka kidogo na kibaya hugaragara. Hakuna namba itakayoondoa mtetemo huo kabisa, na ajaye kukuuzia namba za namna hiyo mwache aende zake.

Anayefanya kazi hii jioni tatu ataijua maana ya namba tatu kuliko aliyezisoma katika vitabu vinne. Sisemi vitabu viachwe. Nasema yumbo lililoonekana kwa macho na kusikiwa kwa masikio halisahauliki mtihani ukiisha.

Nije kwa mkono wa rubani, ambao wengi wamekwisha uzika. Vyombo viuzwavyo vikiwa tayari, tangu Phantom ya kampuni ya DJI ilipotoka mwaka 2013, hujishikilia angani kwa msaada wa setilaiti. Mtu akiachia vijiti, chombo husimama. Ni msaada mkubwa, nami siutukani. Mpima ardhi na mpiga picha wautumie. Lakini kwa mwanafunzi wa urubani ni mkongojo anaofungiwa mtu mwenye miguu mizima. Setilaiti huonekana vibaya kati ya majengo marefu. Dira ya chombo huvurugwa na mabati ya paa na nondo zilizo ndani ya zege, na chombo kilichopotewa na dira hakisimami: huanza kuzunguka duara inayopanuka kwa kila mzunguko, kikidhani kwamba kinajirudisha mahali pake. Katika sekunde hizo chache kila kitu chategemea kama aliye chini ajua kukishika kwa mkono. Asiyepata kukishika kwa mkono hata siku moja hatajifunza wakati huo.

Basi ajifunze mapema, na kwa chombo kidogo chenye rafadha za plastiki laini, au kwanza kwa programu ya kuigiza urukaji, ambayo huvunja vitu visivyo na gharama. Asimamishe chombo mbele yake, mkia ukimwelekea, kimo cha kichwa, kwa betri nzima, bila setilaiti. Kisha ubavu. Kisha uso ukimwelekea. Na hapa ndipo kiburi huisha, kwa sababu kulia kumekuwa kushoto, na mkono uliozoea kuokoa sasa waangamiza. Wengi huukimbia mtihani huu kwa kurusha wakiwa nyuma ya chombo maisha yao yote, na ndio haohao ambao chombo kikiwarudia hukikumbatia kwa uso. Baada ya hapo achore namba nane angani, polepole, kwa kimo kimoja. Utulivu utokao hapo hautokani na kuvuta vijiti kwa nguvu. Mkono uliofunzwa husahihisha mapema na kidogo, kama afanyavyo yule mshika usukani wa Minorsky, na namba tatu zilizo ndani ya kompyuta na mazoea yaliyo ndani ya vidole hufanana kiasi cha kumfanya mtu aelewe moja kwa nyingine.

Wako wanaosema kwamba elimu hii ni anasa ya wenye fedha. Ni kweli kwamba vipuri vina gharama. Hata hivyo mazoezi ya dakika kumi kwa siku na kijiti cha kusawazishia rafadha havinunuliwi kwa dola. Na wako wanaosema kwamba serikali zimekwisha weka sheria, kwa hiyo ujuzi utakuja wenyewe kwa kuogopa faini. Kenya ilitoa kanuni za vyombo hivi mwaka 2020, na ni vyema kwamba ilitoa. Lakini sheria yaweza kumtaka mtu awe na kibali. Haiwezi kumtia mkononi kile asichokifanyia mazoezi. Visiwani Unguja na Pemba, katika kazi ya kupiga picha za ramani iliyoanza mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha vyombo wenyewe badala ya kuletewa warushaji kutoka nje. Vyombo vile vilikuwa vya mabawa, na kompyuta iliviongoza sehemu kubwa ya njia. Hata hivyo waliofunzwa walifunzwa kwa sababu mtu fulani alijua kwamba rubani yupo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili katika vyuo vyetu, na hayahitaji bajeti. Jina "ndege isiyo na rubani" lisikubaliwe katika kazi za wanafunzi. Aandikaye aseme "ndege ya rubani wa mbali", na mwenye jina bora kuliko hilo alilete. Na kila chombo kiwe na daftari lake, humo ziandikwe namba tatu za kila mhimili, tarehe, hali ya upepo, mahali na kimo chake, rafadha zilizotumika, sababu ya kila badiliko, na katika safu ya mwisho jina la rubani, kwa herufi zinazosomeka.